Kombora kutungua kombora: wanavyojaribu, wanavyofunzana, na siku mazoezi yalipogeuka kiama

Mzee wa Rada

Heshima kwenu wakuu.

Juzi kijiweni ubishi ulimaliza birika zima la kahawa. Mmoja anashikilia kwamba Marekani haiguswi, kombora likirushwa leo linatunguliwa angani kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi. Mwenzake anasema majaribio yale yote ni usanii, yanapikwa ili bajeti ipite. Mimi nilikunywa changu nikanyamaza, maana jambo hili halimaliziki kwa vikombe viwili. Nalifuatilia tangu Vita vya Ghuba vya 1991, tulipokuwa tunazungusha redio ya betri kutafuta habari za Scud, makombora ya Iraki, na Patriot, mtambo wa Marekani wa kuyatungua. Sasa naliweka hapa kwa awamu. Mwenye haraka arudi kesho.

Ninaouzungumzia si ule mfumo wa Israel wa kudungua roketi za karibu. Ni ngao ya kulinda nchi nzima ya Marekani dhidi ya makombora ya masafa marefu, yale yanayovuka bahari. Wenyewe wanaiita GMD. Ina makombora 44 yaliyosimama ndani ya mashimo ardhini: 40 yako Fort Greely, Alaska, na 4 yako Vandenberg, California. Yamewekwa kwa kumfikiria zaidi Korea Kaskazini. Urusi na China hazimo kwenye hesabu hiyo, wale wana vichwa vya nyuklia vingi mno.

Kila kombora ni roketi ya hatua tatu inayobeba kifaa cha kilo 64 hivi. Mimi nakiita kigonga, kwa sababu hakina baruti wala nyuklia. Kinatoka nje ya anga hewa, kinamtafuta adui kwa joto lake, kisha kinamvaa mzimamzima. Wanakutana uso kwa uso kwa mwendo wa kilomita kama 10 kwa sekunde, yaani Dar mpaka Bagamoyo ni sekunde saba. Tuliokulia chini ya miembe tunajua kutungua embe lililotulia kwa jiwe kulivyo kazi. Hapa embe lenyewe limerushwa na mtu.

Naendelea.

Kabwela

Nimetandika mkeka, Mzee lete vitu. Ila nijibu moja kabla hujatupeleka mbali: wamegonga mara ngapi, wamekosa mara ngapi? Mengine ni maneno.

Mzee wa Rada

Kabwela mjukuu wangu, una haraka kama mgeni wa mchana. Haya: toka Oktoba 1999 mpaka Desemba 2023, majaribio ya kugonga kweli ni 20 hivi, na 12 yalifaulu. Umeridhika? Ukiishia hapo hujajua kitu. Tazama mfuatano wenyewe.

Oktoba 1999, jaribio la kwanza, kikagonga. Watu wakashangilia. Januari 2000 kikakosa. Julai 2000 kikakosa tena. Rais Clinton akaona isiwe tabu, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akasema uamuzi wa kuujenga mfumo anamwachia atakayemfuata. Kati ya Julai 2001 na Oktoba 2002 wakagonga mara nne mfululizo. Tarehe 11 Desemba 2002 wakakosa. Sasa sikilizeni: tarehe 17 Desemba, siku sita tu baada ya kukosa, Rais Bush akatangaza kwamba mfumo utawekwa kazini 2004.

Na ukawekwa. Kombora la kwanza liliteremshwa shimoni Fort Greely Julai 2004. Miezi mitano baadaye, kwenye jaribio la Desemba, kombora halikutoka hata shimoni. Februari 2005 wakarudia, likagoma tena.

Mbele zaidi ndiko kwa kutisha. Baada ya kugonga Desemba 2008, hawakugonga tena mpaka Juni 2014. Miaka mitano na nusu! Katikati hapo walijaribu mara tatu, zote zikaanguka. Na muda wote huo mfumo ulikuwa lindoni, askari wanapokezana zamu usiku na mchana, raia wanalala wakijua kuna mlinzi.

Tuwe wa haki lakini. Tarehe 30 Mei 2017 walirusha shabaha yenye masafa ya kuvuka bara kwa mara ya kwanza, kutoka kisiwa cha Kwajalein kule visiwa vya Marshall. Kombora la kutungulia likatoka Vandenberg, zaidi ya kilomita 6,000 mbali, na wakakutana juu ya Pasifiki. Jaribio hilo moja lilikula dola milioni 244, ndiyo maana hawajaribu kila mwezi. Kisha 25 Machi 2019 walifanya jambo lililonifanya nivue kofia: walirusha makombora mawili kwa shabaha moja. La kwanza likaipiga. La pili likafika, likakuta vumbi la vipande, likachagua kilichoonekana cha hatari kuliko vyote vilivyobaki na kukigonga. Kuchagua ndani ya vumbi la mwenzako, hiyo si kazi ndogo.

Fundi Mitambo

Mzee shikamoo. Mimi ni mtu wa gereji, nataka kujua kilichokufa ni nini. Mtu akiniambia "gari limegoma" bila kusema limegomea wapi, simwelewi.

Mzee wa Rada

Marahaba fundi. Hilo ndilo swali.

Januari 2000: bomba la kupoza lilikuwa limeziba. Jicho la kigonga linaona joto, kwa hiyo lenyewe lazima lipozwe kupita kiasi, vinginevyo haliwezi kuona la mwenzake. Bomba likaziba, kigonga kikawa kipofu sekunde za mwisho. Julai 2000: kigonga hakikuachana na roketi yake, wakaenda wamekumbatiana hadi baharini. Desemba 2004: kosa dogo la programu, kombora likajizima lenyewe. Februari 2005: mkono wa chuma unaolishikilia kombora ndani ya shimo haukusogea pembeni. Januari 2010, pamoja na matatizo ya rada, ndani ya kigonga hapakuwa na waya mdogo wa kufungia. Desemba 2010: mtikisiko uliivuruga sehemu inayopima mwelekeo. Julai 2013: kigonga hakikuachana na roketi, kwa mara nyingine.

Fundi Mitambo

Waya wa kufungia! Kumbe mambo ni yaleyale. Kwenye lori kuna kipini kinachozuia nati isijifungue, kipini chenyewe bei ya andazi. Ukikisahau, gurudumu linakupita barabarani unalitazama. Tofauti ni kwamba gereji aliyesahau kipini tunamjua kwa jina, kule wanaunda kamati.

Ndundu

Mnamsifia Mmarekani bure. Mimi nilisoma kwamba ile shabaha yenyewe ilikuwa na kifaa cha kupiga kelele "niko hapa, niko hapa". Hiyo ni sawa na kucheza kombolela na mtu aliyevaa njuga.

Mzee wa Rada

Ndundu, nusu ya unayosema ni kweli na sitaificha. Kwenye majaribio ya mwanzo shabaha ilibeba kifaa cha kutoa ishara, kwa sababu sehemu ile ya bahari haikuwa na rada ya kuiona mapema. Na chambo kilichorushwa pembeni kumchanganya kigonga kilikuwa puto moja kubwa, linalong'aa kuliko kichwa chenyewe. Kwa hiyo kigonga kilijua: kinachong'aa sana achana nacho. Mafundi walijua shabaha inatoka wapi, saa ngapi, na ina umbo gani.

Lakini ishara ile ilisaidia kukipeleka kigonga kwenye mtaa. Nyumba kilitafuta chenyewe, kwa jicho lake. Hata anayejifunza gari huanzia uwanja wa mpira, haanzii Kariakoo saa kumi na moja jioni. Kosa tunaloliona mimi na wewe ni pale leseni inapotolewa uwanjani na mtu akaambiwa aende Kariakoo.

Na chambo ndicho kiini cha ubishi wote. Huku chini unyoya na jiwe haviendi sawa kwa sababu ya hewa. Kule juu hakuna hewa. Puto la kilo moja na kichwa cha nyuklia cha mamia ya kilo vinaelea bega kwa bega, mwendo mmoja. Adui akirusha maputo kumi yenye umbo na joto la kichwa, kigonga kitachagua kipi? Chama cha Wanafizikia cha Marekani kilitoa ripoti 2022, kikasema uwezo wa mfumo huu ni mdogo na huenda ukabaki mdogo kwa miaka 15 mbele. Wale si wapiga porojo wa kijiweni.

(Kwa wanaodhani Wamarekani ndio walioanza: wa kwanza kutungua kichwa cha kombora kwa kombora ni Wasovieti, 4 Machi 1961, kule Sary Shagan, Kazakhstan. Nao Wamarekani walikuwa na mfumo mwingine North Dakota, ukakamilika 1 Oktoba 1975, na kesho yake Bunge likapiga kura ufungwe. Siku moja!)

Binti Pangani

Babu, uzi mzuri. Ila naona mnazungumzia vyuma tu. Nani anakaa pale? Mtu anafunzwaje kazi ambayo hajawahi kuifanya, na pengine hataifanya mpaka anastaafu?

Mzee wa Rada

Binti Pangani umenigusa ninapopapenda. Hii ndiyo awamu ya pili.

Wanaokaa Fort Greely ni kikosi cha 49, askari wa akiba wa jimbo la Alaska, takriban 300. Wana msemo wao: watu 300 wanaowalinda watu milioni 300. Makao ya brigedi yao, ya 100, yako Colorado. Kwenye chumba cha kurushia wanakaa watano kwa zamu: mkuu wa zamu, msaidizi wake, anayesimamia rada na vihisi, anayesimamia makombora, na wa mawasiliano. Kombora la kuvuka bara linatumia nusu saa hivi toka kurushwa hadi kutua, na katika nusu saa hiyo sehemu kubwa inaliwa na kuthibitisha kwamba ni kombora kweli. Wale watano wanabaki na dakika za kuhesabu kwa vidole.

Sasa unafunza vipi? Kombora halisi huwezi kulirusha kila wiki. Kwa hiyo wanacheza vita kwenye kompyuta. Kioo kilekile, viti vilevile, sauti zilezile, ila kombora ni la kubuni. Wanarudia, wanapimwa, asiyefaulu hakai zamu. Ndipo linapokuja tatizo ambalo kijiweni hakuna aliyelitaja: zoezi zuri ni lile lisilotofautika na kweli. Na zoezi lisilotofautika na kweli ni hatari kuliko adui.

Nina visa vitatu.

Tarehe 9 Novemba 1979, kituo cha kulinda anga ya Amerika Kaskazini kule Colorado kikaonyesha Wasovieti wamerusha makombora kwa wingi. Ndege za kivita zikapaa. Ile ndege ya rais ya wakati wa nyuklia ikapaa pia, rais mwenyewe hayumo! Rada na setilaiti zilipoulizwa, hazijaona kitu. Kumbe data za mafunzo, vita vya kuigiza, zilikuwa zimeingia kwenye kompyuta ya kazi. Baada ya hapo wakajenga jengo la pembeni la majaribio, mbali na mitambo ya kweli.

Tarehe 3 Juni 1980, miezi saba tu baadaye, vioo vikaanza tena: makombora 2, mara 200, yanabadilika ovyo. Safari hii kilichokufa ni chipu ya senti 46. Lakini sikiliza ilivyokuwa. Ili kujua laini za mawasiliano ni nzima, mitambo ilikuwa inatuma ujumbe wa majaribio muda wote, ujumbe wenye umbo lilelile la onyo la vita, ila nafasi ya idadi ya makombora imeandikwa sifuri. Chipu ilipoharibika, sifuri zikageuka kuwa tarakimu 2. Yaani walikuwa wanajaribu kengele kwa kutumia maneno ya moto wenyewe.

Cha tatu mnakijua, Hawaii, Jumamosi 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi. Simu zote zikalia: kombora linakuja, kimbilieni mahali salama, hili si zoezi. Msimamizi wa zamu ya usiku alitaka kuwashtukiza wa zamu ya mchana kwa zoezi. Msimamizi wa mchana akadhani zoezi ni la wanaoondoka, hivyo hapakuwa na wa kuwasimamia wanaoingia. Sauti iliyorekodiwa ilianza kwa kusema "zoezi, zoezi, zoezi", ila katikati ikawa na maneno "hili si zoezi". Mfanyakazi mmoja akashika hayo ya katikati, akabonyeza. Dakika 38 zikapita kabla ujumbe wa kusahihisha haujafika kwenye simu. Watu waliwaingiza watoto kwenye mashimo ya mitaro ya barabarani. Na gavana alikuja kukiri kwamba kuandika Twitter kulichelewa kwa sababu hakuwa anajua nywila yake.

Haya niambieni, katika visa hivyo vitatu adui alikuwa wapi? Amelala nyumbani kwake.

Kabwela

Nywila!! Mzee umeniua. Mimi ya kwangu nimeiandika nyuma ya mlango.

Ndundu

Sawa Mzee, hapo nimekuelewa. Lakini hizo ni kengele. Je, askari amewahi kukosea kwenye kurusha kwenyewe?

Mzee wa Rada

Amewahi, kwa kutorusha ilipotakiwa na kwa kurusha pasipotakiwa.

Dhahran, Saudia, 25 Februari 1991. Scud ya Iraki ikaangukia kambi ya Wamarekani, wakafa askari 28. Patriot iliyokuwa inalinda pale haikurusha hata moja. Saa ya mtambo ilikuwa inahesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwenye lugha ya kompyuta, kwa hiyo kila hesabu inaacha chembe. Mtambo ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Chembe zikajaa zikafika thuluthi ya sekunde, ikatosha rada kutazama zaidi ya nusu kilomita mbali na Scud ilipo. Dawa ya muda ilikuwa kuzima na kuwasha tu. Na vikosi vilikuwa vimeshaonywa kwamba kuwasha muda mrefu sana kuna madhara, ila hakuna aliyewaambia mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Halafu 2003, vita vya Iraki. Machi 23 Patriot ikatungua ndege ya Waingereza, wakafa wawili. Aprili 2 ikatungua ndege ya jeshi la majini la Marekani, akafa rubani. Uchunguzi ukaonyesha mtambo uliachiwa kujiendesha kwa sehemu kubwa, na wahudumu walifunzwa kuuamini. Wa 1991 hawakujua kwamba mashine yao inachoka. Wa 2003 walijua tu kwamba mashine haikosei. Kwangu hayo ni makosa mawili ya darasani, si ya uwanjani.

Siku hizi naona wamejifunza kidogo. Julai 2017 walipojaribu mfumo wao mwingine, THAAD, kutoka Kodiak, Alaska, askari waliokuwa kwenye mitambo hawakuambiwa shabaha itarushwa saa ngapi. Wakae, wasubiri, wachoke, kama vitani. Wakagonga. Jaribio moja la namna hiyo nalipa uzito kuliko matatu ya kualikana kwa saa.

Mlinzi wa Doha

Wakuu mimi huwa msomaji tu, leo imebidi niandike. Niko Doha mwaka wa sita, kazi ya ulinzi. Tarehe 23 Juni 2025, kati ya Magharibi na Isha, nilikuwa getini. Tulishasikia anga imefungwa, ndege hazitui, tukajua kuna jambo. Mara juu kukawaka, vimulimuli vinapanda kwa pamoja, halafu mlio. Si mlio wa radi. Huu unaingia kifuani kwanza, masikioni baadaye. Iran ilikuwa inapiga Al Udeid, kambi ya Wamarekani hapa Qatar. Vijana wenzangu, Wakenya, Wanepali, Waganda, wote wakatoa simu kurekodi badala ya kuingia ndani. Na mimi nilitoa. Hatujui hata hatari inafananaje.

Mzee, waliokuwa nyuma ya zile Patriot ni kina nani?

Mzee wa Rada

Pole sana mwanangu, na shukuru Mungu.

Jenerali mkuu wa majeshi yao alilisema hadharani siku tatu baadaye. Kambi ilikuwa imehamwa karibu watu wote, wakabaki askari wa Kimarekani kama 44 kuilinda, pamoja na wahudumu wa Patriot wa Qatar. Mkubwa kuliko wote kati ya wale 44 alikuwa kapteni wa miaka 28. Mdogo kuliko wote ana miaka 21, hajamaliza hata miaka miwili jeshini. Akasema ndiyo mara Patriot nyingi kuliko zote ziliporushwa kwa mkupuo katika historia ya jeshi lao.

Binti Pangani, hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Yule wa miaka 21 alikuwa hajawahi kuona kombora la kweli likimjia. Alichokuwa nacho ni mazoezi, basi.

Binti Pangani

Asante babu. Na hii "Golden Dome", ngao mpya ya makombora ya Trump, iliyotangazwa kwa dola bilioni 175?

Mzee wa Rada

Hiyo ilitangazwa Mei 2025 na ina mambo ya setilaiti zenye silaha angani. Ikishafanya jaribio la kwanza nitafungua uzi wake. Sihesabu magoli ya timu ambayo haijaingia uwanjani.

Mlinzi wa Doha

Nimalizie kidogo. Kwenye jengo letu kulikuwa na zoezi la moto lililopangwa wiki ileile, tangazo lilibandikwa ukutani tangu mwanzo wa mwezi, tarehe na saa. Mazoezi ya nyuma watu hushuka ngazi wanachati, wengine wamebeba chai. Safari hii king'ora kilipolia, watu wote tulikimbia. Hata msimamizi aliyekibonyeza alikimbia.